Jina na Jiwe: Maandishi ya Kuwakumbuka Waliofia Vitani

Wayunani wa kale walichonga beti fupi juu ya mawe ya makaburi. Mara nyingi beti hizo humsemesha mpita njia, zikimtaka asimame na kumjua aliyelala hapo. Zilizo mashuhuri kupita zote ziliwekwa Thermopylae kwa ajili ya Wasparta waliouawa na Waajemi mwaka 480 K.K.; mapokeo huzihesabu kuwa kazi ya Simonides. Ndani yake halimo jina la askari hata mmoja. Hata hivyo majina hayakupotea. Herodotus asema aliyajua ya wote 300, naye Pausanias, katika karne ya 2 B.K., aeleza kuwa huko Sparta palikuwa na jiwe lenye majina hayo pamoja na ya baba zao. Ubeti ulibeba sifa, orodha ikabeba watu.

Kiswahili nacho kilichongwa kwa kazi ya namna hiyo katika Mnara wa Askari wa Dar es Salaam, mwaka 1927, na katika ukumbusho wa Nairobi, mwaka 1928. Maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling, mshauri wa Tume ya Makaburi ya Vita ya Uingereza. Si shairi la vina na mizani, lakini shabaha yake ni ileile. Yanawataja askari, yanawafananisha wapagazi na viungo vya mwili wa jeshi, kisha yanaahidi kuwa jina la aliyeifia nchi litadumu kwa wanawe.

Hapo ndipo penye utata: ahadi ni ya jina, na jiwe halina majina. Wala haikuwapo orodha kamili mahali pengine, kama ile ya Sparta. Taarifa ya Tume hiyo ya mwaka 2021 ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kipling mwenyewe alimpoteza mwanawe John huko Loos mwaka 1915, na hakuwahi kulijua kaburi lake. Lakini jina la kijana huyo lilichongwa ukutani. Mpagazi hakupewa hata hilo.

Kilichosalia kimehifadhiwa na lugha. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimelidumisha jina la kikosi cha wapagazi. Huko Isiolo, kaunti yenye Ngaremara, walikaa askari wa Kisomali waliotumika katika vita hivyo, na habari za wazee wa namna hiyo hupokewa kwa vinywa vya vizazi vyao. Lakini jina la kikosi si jina la mtu. Kwa hiyo wanaochunguza fasihi simulizi wana wajibu wa kukusanya majina ya watu hao, pamoja na ya baba zao, maadamu wako wanaoyajua. Bila orodha hiyo, ahadi iliyochongwa mwaka 1927 yabaki deni.