Ramani ya Tandale na kumbukumbu ya kila badiliko

Kila nyumba kwenye ramani huria ya OpenStreetMap ina namba ya utambulisho na namba ya toleo. Ikichorwa mara ya kwanza ni toleo la 1. Mtu akiongeza jina la duka, linazaliwa toleo la 2, nalo la kwanza halipotei. Hata nyumba iliyofutwa hubaki kwenye kumbukumbu. Kinondoni, wilaya ya Dar es Salaam ilimo Tandale na ambako nyumba za Mkwajuni zilivunjwa Desemba 2015, rejista ya namna hiyo si jambo dogo.

Steve Coast aliuanzisha mradi huo Uingereza mwaka 2004. Tangu Aprili 2009 mabadiliko hukusanywa kwa mafungu, kila fungu na mchoraji wake, saa yake na maelezo mafupi. Tandale ilichorwa mwaka 2011 na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi, waliopita vichochoroni na GPS.

Mwaka uliofuata kumbukumbu hizo zikageuka msumeno. Mradi ulikuwa unabadili leseni, na kazi ya kila aliyekataa masharti mapya ilibidi iondolewe. Ugomvi ulikuwa mkali, na Australia ilipoteza sehemu kubwa ya ramani yake. Kujua nani aliigusa barabara mwisho hakukutosha: umbo lingeweza kuwa la aliyekataa, jina likawa la aliyekubali. Julai 2012 programu maalumu ilipekua matoleo moja baada ya jingine, ikitenga cha huyu na cha yule. Waliojisajili kuanzia Mei 2010 walikuwa wameyakubali masharti hayo mlangoni, hivyo wachoraji wapya wa Tandale hawakuguswa.

Baada ya Tandale, mradi wa Ramani Huria ulifuata mwaka 2015 na kuchora kata nyingi za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko.

Ufuatiliaji wa matoleo una mianya. Barabara ikikatwa vipande viwili, kimoja hubaki na namba ya zamani, kingine hupata mpya, na hakuna panapoandikwa kwamba vilikuwa kitu kimoja. Anayefuta nyumba na kuichora upya hukata historia vivyo hivyo. Waandishi wa programu wanaijua taabu hii: faili likibadilishwa jina, Git, mfumo wa kutunza matoleo ya programu ulioanzishwa na Linus Torvalds, hukisia kwa kulinganisha yaliyomo. Mtafiti wa ramani hulinganisha mahali na tarehe, kisha husoma maelezo ya fungu. Mara nyingi hapo hukuta alama ya kampeni ya uchoraji tu.