Babu: Swali Lililoandikwa Kizuizini

Tukizungumzia fasihi na itikadi katika Tanzania, mara nyingi tunaanza na Azimio la Arusha la 1967 na kuishia hapo hapo. Mimi naona kuna mtu tunayemruka: Abdulrahman Mohamed Babu.

Alizaliwa Unguja mwaka 1924. Alisoma Uingereza, na aliporudi mwaka 1957 akawa Katibu Mkuu wa ZNP. Mwaka 1963 akakihama chama hicho, akaunda Umma Party. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 akawa waziri, kwanza Zanzibar, kisha katika serikali ya Muungano hadi 1972. Aprili mwaka huo Karume akauawa. Babu akatiwa kizuizini Bara hadi 1978, na huko Zanzibar mahakama ikamhukumu kifo bila yeye kuwepo.

Humo kizuizini ndimo alimoandika *African Socialism or Socialist Africa?*, kilichotoka London mwaka 1981. Ujamaa wa Kiafrika, au Afrika ya kijamaa? Eti ni mchezo wa maneno tu! Hapana. Jina la kwanza linadai Mwafrika ana ujamaa wake wa asili. La pili linasema ujamaa haujengwi kwa kukumbuka kijiji cha zamani, bali kwa kukuza nguvu za uzalishaji. Kwa Babu, nchi inayolima mazao ya kuuza nje, halafu inanunua nguo na zana kwa fedha hizo hizo, bado haijajitawala kiuchumi hata kama ina bendera yake. Kwanza tuzalishe tunachokula, tunachovaa, na nyumba za kulala.

Hoja hiyo ina uzito. Lakini ndugu wasomaji, tusimfanye malaika. Alikuwa waziri kwa miaka 8 katika serikali iliyoweka watu ndani bila kesi, kisha naye akawekwa ndani vivyo hivyo. Basi mhakiki hana budi kuuliza: katika nadharia hii ya uzalishaji, haki ya mvujajasho kusema "sitaki" inakaa wapi? Miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki London Agosti 1996, Babu mwenyewe alisimama na wapigania demokrasia. Nadhani kizuizi kilimfunza kitu ambacho uwaziri haukumfunza.

Halafu kuna suala la lugha. Kitabu ni cha Kiingereza, wakati mchuma karafuu wa Pemba anayehusika nacho anasema Kiswahili. Tukijadili hoja zake kwa Kiswahili, naye ataweza kutupinga.