Kwanza Unit na Mwanzo wa Kufokafoka kwa Kiswahili

Mwalimu wa Kiswahili hapa Kigali huulizwa mara nyingi na wanafunzi wake kama lugha hii inaweza kubeba mambo ya kisasa, au ni ya sokoni na ya mitaa ya Biryogo na Nyamirambo tu. Swali hilo si letu peke yetu. Zaidi ya miaka thelathini iliyopita lilikuwa mbele ya vijana wa Dar es Salaam, mji ambao Kiswahili ndiyo lugha ya kila mtaa. Makala haya yanaeleza kwa ufupi namna walivyolijibu, kwa kuchukua mfano wa kikundi cha Kwanza Unit na wenzao wa wakati huo.

Muziki wa kufokafoka, yaani rapu, uliingia Tanzania katika miaka ya 1980 kwa njia ya kanda za kaseti na za video kutoka Marekani. Waliozipata mapema walikuwa hasa vijana wa mjini wenye jamaa ng'ambo, au waliosoma hadi sekondari, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Walianza kwa kuiga. Walikariri maneno ya Wamarekani kama walivyoyasikia, kisha wakatunga ya kwao, bado kwa Kiingereza.

Mwaka 1991 Saleh Jabir, aliyejulikana kama Saleh J, alichukua mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice na kuuwekea maneno ya Kiswahili. Miaka miwili baadaye, 1993, vikundi vidogo na wasanii kadhaa wa Dar es Salaam waliungana na kuunda Kwanza Unit. Miongoni mwao walikuwamo Rhymson na KBC. Jina lenyewe ni somo: neno moja la Kiswahili, jingine la Kiingereza. Ndivyo ilivyokuwa kazi yao ya mwanzo. Mawazo yalikuwa ya nyumbani, na walijiona kama taifa dogo lenye fahari ya Kiafrika, lakini nyimbo nyingi zilikuwa kwa Kiingereza. Baadaye walitunga pia kwa Kiswahili, na "Msafiri" ni mfano mmojawapo.

Kwa nini wajiite "Kwanza" na huku lugha yao wakaiweka nyuma? Sababu ya kwanza ni ya kijamii: Kiingereza kilihesabiwa kuwa ndicho rapu yenyewe, na aliyefoka kwa Kiswahili aliweza kuchekwa. Sababu ya pili ni ya kiufundi, nayo inatuhusu sisi walimu. Neno la Kiswahili ni refu. "Hawatatuambia" ni neno moja lenye silabi saba, na mdundo wa rapu haumsubiri mtu. Tena mkazo wetu hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mistari iliyonakiliwa kutoka Kiingereza hupotea njia. Vina navyo ni vingi mno: mtaani, nyumbani, kichwani, kazini. Kinachopatikana bila jasho hakimshangazi msikilizaji.

Hata hivyo, yaliyoonekana kuwa kasoro yaligeuka kuwa mali. Upatanisho wa kisarufi hujirudia wenyewe mwanzoni mwa maneno, kama katika "vijana wetu wanane wamewasili", na mrudio huo ni ngoma tayari. Mtunzi hodari huacha vina vya bure na kutafuta vya mbali. Tusisahau kwamba washairi wetu walikuwa wakihesabu mizani na kupanga vina karne nyingi kabla ya kaseti ya kwanza kufika bandarini. Wafokaji hawakufuata kanuni za shairi la mizani kumi na sita, lakini walirudi kwenye kazi ile ile ya kupima sauti.

Radio One, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1994, iliwapa vijana hawa nafasi hewani. Mwaka 1995 Mr. II, ambaye jina lake ni Joseph Mbilinyi, alitoa albamu yake ya "Ni Mimi" kwa Kiswahili. Hapo mlango ulifunguka. Aliyeishia darasa la saba sasa alielewa kinachosemwa, na aliyeelewa aliweza kujibu. Muziki uliokuwa wa wachache ukawa uwanja wa kuzungumzia ajira, maradhi na siasa. Mbilinyi mwenyewe alichaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010.

Jambo hili halikutokea Tanzania peke yake. Nchini Ujerumani nako wafokaji wa mwanzo walitumia zaidi Kiingereza, hadi kikundi cha Die Fantastischen Vier cha Stuttgart kilipotoa albamu ya Kijerumani mwaka 1991, mwaka ule ule wa Saleh J. Jijini Nairobi, Kalamashaka wa Dandora walivuma kwa Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1990. Hapa kwetu Tuff Gangz walichukua jina la Kiingereza na kufoka kwa Kinyarwanda.

Funzo ni kwamba lugha haiwi tayari kwa jambo jipya kabla ya kutumiwa kwa jambo hilo. Wajerumani wana vyuo na kamusi nzito, na bado vijana wao walisitasita. Watanzania walikuwa na lugha ya taifa, nao wakasitasita vilevile. Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, sheria ilikipa kiti, lakini sheria haitungi wimbo.

Kwa hiyo mwalimu anapofundisha silabi, mkazo na upatanisho wa kisarufi, awape wanafunzi mdundo wa mapigo manne na kuwataka watunge mistari minane kuhusu mtaa wao, bila kutumia kina cha "-ni". Watalalamika kwamba maneno ni marefu. Awaambie kwamba wenzao wa Dar es Salaam walilalamika hivyo hivyo, kisha wakatunga. Mcheza kwao hutuzwa, lakini sharti kwanza acheze.