Datsun 240Z: gharama iko kwenye bati

Mimi ni fundi wa bodi hapa Mombasa, na riziki yangu ni bati. Mashabiki wa mbio wakianza kuisifu Datsun 240Z huanza na injini na kumaliza na injini. Mimi huwaomba walale chini waangalie tumbo la gari. Historia yake yote, na gharama zake zote, zimeandikwa huko.

Gari hili la milango miwili lilitoka Japani mwishoni mwa 1969, kisha likafika Marekani kwa bei ya dola 3,526. Bei hiyo ndiyo mzizi wa kila nitakalosema. Yutaka Katayama, aliyekuwa akisimamia biashara ya Nissan, kampuni yenye jina la Datsun, huko Marekani, alitaka gari lenye sura na mbio za magari ya kifahari ya Ulaya, lakini mtu wa mshahara wa kawaida aweze kulinunua. Akalipata: silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, cc 2,393, nguvu za farasi 151, kabureta mbili, na kila gurudumu na springi yake. Kwa bei ile lazima kuna mahali palibanwa, na palipobanwa ni bodi. Bati lilikuwa jembamba na kinga ya kutu haba, kama ilivyokuwa kwa magari mengi ya Japani ya miaka ile.

Huku kwetu sifa ya 240Z ilikuja na Pasaka. Mbio za East African Safari, zilizoanza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zilikuwa zikifanyika wakati wa Pasaka, zikipita Kenya, Uganda na Tanzania kwenye matope, vumbi na mawe. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na aliyewafuata, Shekhar Mehta, naye alikuwa kwenye 240Z. Mehta alizaliwa Uganda. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, Mehta alihamia Kenya. Pasaka iliyofuata akashinda akiwa na Lofty Drews, ndani ya 240Z tena. Alifungana alama na Harry Källström, naye wa Datsun, ikabidi ihesabiwe nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Baadaye Mehta alishinda Safari mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun ya aina nyingine. Mtu aliyepoteza kwao akasimama juu ya gari lililojaa matope mbele ya umati wa Nairobi: sijui hadithi ya mbio inayonigusa kuliko hiyo.

Ila ushindi ule uliacha imani moja iliyowagharimu watu: kwamba kila 240Z ni gari gumu. Gari la mbio lilikuwa limeimarishwa na kiwanda, na mafundi wake walilisubiri njiani na spea mkononi. Gari la dukani halikuwa hivyo. Wanunuzi wa mkono wa pili, Marekani, Uingereza hata huku, wakawa wananunua kwa sikio. Wanawasha, wanakanyaga mafuta, injini inaimba, wanatoa pesa.

Na injini ile huimba kweli. Bloku yake ni chuma cha kusubu, hedi ni aluminiamu, na ukibadilisha oili kwa wakati na kupima vali, ambazo hurekebishwa kwa spana tu, itakwenda miaka. Matatizo yake ni ya kawaida na bei yake inavumilika: kabureta zilizopoteza ulinganifu, gasketi ya hedi kwa gari lililoachwa lichemke, pointi za distribyuta zilizolika. Za Marekani za 1973 zilifungwa kabureta mpya kwa ajili ya sheria za moshi, na zikawa zinazimika kwenye joto. Wenyewe wakazing'oa na kurudisha za miaka ya nyuma. Waya za taa hupata moto hadi kuyeyusha kiboksi cha fyuzi. Dashibodi hupasuka juani. Mpira wa mlango wa buti ukichoka, moshi wa ekzosi huingia ndani, na hilo lisichukuliwe kama dogo, maana moshi huo huua.

Sasa njoo chini. Gari hili halina chesisi ya kujitegemea; bodi yenyewe ndiyo chesisi. Asidi ya betri hudondoka kwenye kikalio chake, ikashuka kwenye mhimili wa mbele na kuingia sakafuni. Mihimili miwili ya chini ya sakafu ina uwazi ndani, maji hukaa humo, na kutu huanza upande usioonekana. Kisha huja kingo za chini za milango, matao ya magurudumu ya nyuma na shimo la tairi la akiba. Mwenye gari huona lengelenge dogo la rangi. Ukilikwangua unakuta pati, chini ya pati kiraka, chini ya kiraka hewa. Hapo fundi hukata, hukunja bati jipya, huchomelea na kunyoosha, na kazi ya kidole huwa kazi ya wiki.

Kuna pia pini moja inayopita kwenye mkono wa chini wa gurudumu la nyuma. Bushi zake ni mipira ya bei ndogo, lakini pini yenyewe hushikwa na kutu ndani ya chuma. Utaipasha moto kwa gesi, utaipiga nyundo, utaipeleka kwenye presi, na mara nyingine utaikata. Mteja huja akiwa na pesa ya bushi, nasi tunampa hesabu ya siku nzima. Bei ya spea haijawahi kuwa bei ya matengenezo.

Nissan wenyewe walilijua hilo kwa vitendo. Mwaka 1997 waliamua kununua 240Z za zamani Marekani, kuzifungua hadi bati tupu na kuziuza upya kwa takriban dola 25,000 kila moja. Walikusudia magari mengi. Wakaishia na machache kabla ya kuacha. Januari 2020, gari moja la 1971 lililotunzwa vizuri lilinadiwa kwa dola 310,000. Kinacholipiwa hapo si injini. Ni bati ambalo halijaguswa na kutu.

Chumvi inayomwagwa barabarani Marekani wakati wa theluji na hii ya bahari yetu ni adui mmoja. Ndiyo maana gari lililokaa Nakuru au California hunipa matumaini, na lililolala Nyali bila banda hunipa kazi.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukipata 240Z inauzwa, usiombe iwashwe kwanza. Omba jeki, tochi na bisibisi. Gonga mihimili ya sakafu toka mbele hadi nyuma, inua zulia, toa betri uone inapokalia. Bisibisi ikizama, punguza bei au uondoke, hata injini iimbe namna gani.