Makutano ya Voi na Amri za Kuruka katika Lugha ya C

Reli iliyotoka Mombasa ilifika Voi mwaka 1897 ikiwa njia moja isiyo na tawi, na ni Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliyoifanya Voi kuwa makutano: Wajerumani walipoiteka Taveta mwezi Agosti 1914, Waingereza walianza, mwaka uliofuata, kutandika reli ya kijeshi kupitia Mwatate na Bura hadi Maktau, na baada ya mapigano ya Salaita ya mwaka 1916 reli hiyo ikaendelezwa hadi Taveta na kuunganishwa na ile ya Wajerumani iliyotoka Tanga kwenda Moshi. Tangu hapo garimoshi lililofika Voi liliweza kuiacha njia kuu, lakini mahali pamoja tu, penye reli zinazosogezwa ili kulielekeza. Suala la namna hiyo, yaani ni wapi na kwa masharti gani mwendo ulionyooka uachwe, ndilo lililowagawa waandishi wa programu za kompyuta nusu karne baadaye.

Programu ni mfululizo wa maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza moja baada ya jingine, na amri ya kuruka ni agizo linaloihamishia kompyuta mahali pengine bila kuipitisha katika mistari iliyo katikati. Mwaka 1966 Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini walithibitisha kihisabati kwamba mfuatano, uchaguzi na marudio vinatosha kuandika programu yoyote. Miaka miwili baadaye Edsger Dijkstra, Mholanzi, alichapisha barua akitaka amri ya kuruka iitwayo goto iondolewe, kwa hoja kwamba humfanya msomaji ashindwe kujua kompyuta imefikaje pale ilipo. Kichwa kikali cha barua hiyo, kinachotajwa hadi leo, hakukitunga yeye bali mhariri, Niklaus Wirth.

Dennis Ritchie, alipoiunda C, lugha ya kuandikia programu, katika maabara ya Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, hakuifuta goto, ila aliifungia ndani ya fankisheni moja, yaani kipande cha programu chenye jina na kazi yake, na kando yake ziliwekwa amri tatu zenye mwisho unaojulikana: break hutoka katika kitanzi, ambacho ni maagizo yanayorudiwa, au katika switch, ambayo ni orodha ya machaguo, continue huacha mzunguko uliopo na kuanza unaofuata, na return huimaliza fankisheni na kurudisha jibu kwa iliyoiita. Programu inayosaka jina moja miongoni mwa abiria 500, ikilipata la 12, hutumia break na kuyaacha 488 yaliyobaki bila kuyasoma.

Hata hivyo, mipaka hiyo haikuzuia maafa. Tarehe 15 Januari 1990 mtandao wa simu za masafa marefu wa AT&T ulivurugika kwa takriban saa tisa kwa sababu ya break iliyowekwa ndani ya if, ambayo ni sharti, iliyokuwa ndani ya switch; break haitoki katika if, hivyo ilitoka katika switch nzima na kuyaruka maagizo yaliyohitajika. Mwaka 2014 ikawa zamu ya goto: katika programu ya usalama ya Apple mstari mmoja wa kuruka ulikuwa umeandikwa mara mbili, na ule wa pili, kwa kuwa haukuwa chini ya sharti lolote, uliifanya simu iruke ukaguzi wa saini ya tovuti na kuripoti kwamba kila kitu ni salama. Kosa hilo lilihitaji kufutwa kwa mstari mmoja tu.