Mwalimu Mwenyeji, Mwanafunzi Mgeni: Kozi Fupi za Kiswahili kutoka Berlin hadi Zanzibar

Kozi za wiki chache zinazowaleta wanafunzi wa kigeni Zanzibar kujifunza lugha na utamaduni wa Waswahili huchukuliwa na wengi kuwa jambo la juzi, tena jepesi: masomo asubuhi, matembezi jioni. Mtazamo huo hauzingatii historia. Ufundishaji wa Kiswahili kwa wageni umevuka karne moja, na katika muda wote huo swali lake kuu halikuwa urefu wa kozi, bali nafasi aliyopewa mwenyeji wa lugha. Je, alihesabiwa kuwa mtaalamu, au alikuwa sauti tu ya kuigwa?

Inafaa kuanzia Berlin. Mwaka 1887 ilifunguliwa huko Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyowaandaa maofisa wa kikoloni, wamisionari na wafanyabiashara. Kazi ya kufundisha iligawanywa mafungu mawili. Mwalimu Mjerumani alishika sarufi. Mzawa wa lugha, aliyeitwa lekta, alishika matamshi na mazungumzo. Mgawanyo huo ulikuwa na maana yake: kanuni za lugha zilikuwa mali ya Mzungu, na mwenye lugha alibakia kuwa mfano wa kanuni hizo.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alifika Berlin mwaka 1900 kushika kazi ya ulekta. Alikuwa mtu aliyesoma elimu ya dini, mwandishi hodari wa nathari ya Kiswahili. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho kwa sehemu kubwa ni kazi yake, kilitoka mwaka 1903 kikiwa na jina la Carl Velten, mkusanyaji, juu ya jalada. Darasani Mtoro alikosewa heshima na wanafunzi, na mwaka 1905 aliiacha kazi hiyo. Alipojaribu kurudi nyumbani pamoja na mkewe Mjerumani, serikali ya kikoloni ilimzuia kushuka Dar es Salaam. Alifariki Berlin mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza iliyoliweka jina lake mbele ilitolewa mwaka 1981, miaka 78 baada ya chapa ya kwanza.

Baada ya uhuru safari iligeuka: mwanafunzi ndiye aliyemfuata mwalimu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar iliunda Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni (TAKILUKI), yenye makao Vuga, ambayo baadaye iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Hapo mgawanyo wa Berlin ulivunjwa. Mzanzibari alifundisha matamshi na sarufi pia. Yeye ndiye aliyetunga mtihani na kuusahihisha.

Faida ya mabadiliko hayo si ya heshima peke yake, bali ni ya kielimu vilevile. Mgeni aliyesoma kitabuni akisikia katika nyumba ya wenyeji wake kwamba “Bibi hawezi leo”, atangoja kitenzi kifuate: hawezi kufanya nini? Hakuna kinachofuata. Katika Kiswahili cha pwani sentensi imekwisha, na maana yake ni kwamba Bibi anaumwa. Hapo ndipo mwalimu mwenyeji anapohitajika: si kutamka neno hilo tu, bali kueleza uhusiano wake na “hajambo”, na jinsi lugha inavyoutaja ugonjwa kwa staha. Hali kadhalika, mwanafunzi akipelekwa Makunduchi au Tumbatu, husikia kwamba Kiunguja cha mjini, kilichofanywa msingi wa Kiswahili Sanifu, ni lahaja moja miongoni mwa ndugu zake.

Hata hivyo, kivuli cha lekta hakijaondoka kabisa. Mwanafunzi wa wiki sita leo huweza kuwa mtafiti kesho, na hadithi alizosimuliwa barazani zikaingia katika tasnifu yake chini ya neno “mtoa taarifa”. Kwa mantiki hiyo, ubora wa kozi fupi haupimwi kwa idadi ya wiki wala ya maneno yaliyokaririwa. Kipimo chake ni kama mgeni ameondoka akijua kwamba aliyemfundisha ni mwanazuoni, na kama atamtaja kwa jina atakapoandika. Mtoro alingoja miaka 78. Walimu wa leo hawana sababu ya kungoja.