Chai ya Kijani na Mapishi ya Watawa wa Zen nchini Japani

Eisai, mtawa wa Zen (madhehebu ya Kibudha) aliyerejea Japani kutoka China mwaka 1191, aliandika mwaka 1211 kitabu kiitwacho Kissa Yōjōki, ambamo alidai kuwa moyo, kiungo kikuu cha mwili kwa maoni yake, huimarishwa na ladha chungu, na kwamba chai ndiyo dawa yake. Majani, kama alivyoyaona yakitayarishwa China, yalichumwa asubuhi, yakapitishwa kwenye mvuke papo hapo, kisha yakakaushwa usiku kucha juu ya moto hafifu. Mwaka 1214 alimpa chai hiyo shogun, yaani mtawala wa kijeshi, Minamoto no Sanetomo, aliyekuwa akisumbuliwa na uchovu wa pombe. Mgonjwa wa namna hiyo, bila shaka, si mgumu kushawishika.

Katika monasteri za Zen yalistawi pia mapishi ya shōjin ryōri, yasiyotumia nyama, samaki wala vitunguu, ingawa shabaha yake ilikuwa nidhamu ya kiroho zaidi kuliko afya. Mtawa wa Zen Dōgen, katika maagizo yake ya mwaka 1237 kwa mpishi wa monasteri, alimtaka achambue mchanga katika mchele, na mchele katika mchanga.